Majina Tuliyoyafunga Kwenye Kamba

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Na karatasi yenu ya maombi nimeipokea pia. Mmeichapa vizuri. Makabila ambayo bado hayajaisikia Injili mmeyapanga kwa mistari, na pembeni mmeacha nafasi ya kuandika jina la mtu mmoja mmoja wa kuombewa. Mmeniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo, kwa kuwa nilikuwa mwinjilisti kwa Wataturu kabla baba zenu hawajaoa.

Maneno ya kutia moyo sina. Waombeni wachungaji wenu, hiyo ndiyo kazi yao. Mimi nina kazi niliyoifanya vibaya, na nitawaeleza jinsi nilivyoiharibu, ili nanyi mkiharibu angalau mharibu kwa namna yenu wenyewe. Naandika hapa mtaa wa Kambarage kwenye baraza la binti yangu, goti likiuma, kwa hiyo mkiona nimeruka huku na huku mnivumilie.

Nianze na baiskeli, maana kazi ile ilikuwa baiskeli kwanza, Injili baadaye. Kutoka misioni yetu ya upande wa Kishapu hadi kwenye maboma ya Wataturu ilikuwa mwendo wa siku mbili kuelekea mashariki, kwenye mbuga yenye udongo mweusi. Kiangazi udongo ule hupasuka nyufa za kumeza gurudumu, na masika hugeuka gundi. Masika ya kwanza niliibeba baiskeli kuliko ilivyonibeba. Siku ya tatu mkulima mmoja wa pamba akanitazama ninavyokwangua tope kwa kijiti, akasema, "Bhabha, si uyavue hayo madigadi?" Nilikuwa nimesoma Agano Jipya lote mara mbili na haikunijia kwamba madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, hufunguka. Basi mjue: masika vua madigadi, na tairi likipasuka huna kiraka, lijaze majani makavu uendelee. Utatikisika meno, lakini utafika.

Wataturu ni wafugaji. Siku zile walikaa mbali na Wasukuma, wakihama na ng'ombe wao kufuata majani, na sisi tulikutana nao minadani tu. Wana chale za duara kuzunguka macho, na wanawake walioolewa huvaa ngozi laini ndefu. Lugha yao haifanani na yetu hata kidogo. Misioni ilikuwa imewaombea miaka mingi bila kumpata hata mmoja, na mwaka niliopangiwa kazi kwao nilijiona nimepewa heshima kubwa. Baadaye nilijua kwamba waliotangulia kuombwa walikuwa wamekataa.

Kosa langu la kwanza lilinipata siku niliyofika. Nilikuwa nimeamua kuwafungia Wataturu, yaani kila Ijumaa sili wala sinywi, nawaombea. Nilifika bomani siku ya Ijumaa, mchana, midomo imekauka. Wakanikaribisha, wakanipa kibuyu cha maziwa. Nikakataa. Kwa adabu nikainamisha kichwa, nikatikisa mkono. Wakanisogezea tena. Nikakataa tena, nikafumba macho, nikaomba kimoyomoyo. Nilipofumbua, wanaume walikuwa wamesimama. Mgeni anayekataa maziwa ya nyumba anasema nini, kama si kwamba wenye nyumba ni wachawi na kibuyu chao kina sumu?

Aliyeniokoa ni mwanamke mzee, mjane, aliyekuwa akihudumia ndama kando. Alijua Kisukuma, kwa sababu utotoni wakati wa njaa moja alilelewa miaka kadhaa kwa Wasukuma. Akaja akachukua kile kibuyu, akanywa kidogo mbele yangu, akanipa.

"Wewe mtu wa baiskeli," akasema, "una ugonjwa gani?"

"Sina ugonjwa, mayu," nikajibu, kama Msukuma anavyomwita mama yake. "Nimefunga. Namwomba Mungu kwa ajili yenu."

"Kwa ajili yetu?" Akanitazama kama mtu anayemtazama ndama aliyezaliwa miguu mitatu. "Basi kafunge kwenu. Hapa kunywa."

Nikanywa. Akawacheka wale wanaume kwa lugha yao, nao wakacheka, wakaketi. Tangu siku ile nilikuwa mgeni wake. Jina lake la kwao sitaliandika hapa. Nimekoma kuandika majina ya watu ambao hawakuniruhusu, na mtaona kwa nini. Nitamwita Bibi.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, Geita. Kabla ya uinjilisti nilisukuma magari ya mawe kwenye mgodi wa dhahabu, na huko ndiko nilikojifunza kuomba. Kambini tulilala watu wa kila kabila: Wazinza, Wasumbwa, Wanyamwezi, Wahaya, Waislamu na Wakristo na wasio na hili wala lile. Palikuwa na mwinjilisti mmoja mzee, Eliasi, naye alichimba kama sisi. Mzee Eliasi hakuwa na maneno mengi. Jioni alipita kitanda kwa kitanda akiuliza swali moja: "Nikuombee nini?" Mtu akisema nyumbani wana njaa, aliombea njaa. Siku moja Msumbwa mmoja aliyevimba shavu akamjibu kwa hasira, "Ombea jino." Mzee akaombea jino, dakika nzima, jino peke yake, akasema amina, akaenda.

Nilimfuata nje nikamlaumu. Nilikuwa mchanga katika wokovu, nawaka moto. Nikamwambia, "Mzee, yule anaenda jehanamu na wewe unaombea jino?"

Akanijibu, "Amenipa jino. Roho yake hajanipa. Nitachukuaje kitu cha mtu bila kunipa?"

Nilidhani ni uzee. Niliyafahamu maneno yale miaka mingi baadaye, na majuto ni mjukuu.

Pale misioni kazi ya kuombea ilikuwa ya wanawake, na kiongozi wao alikuwa Mama Raheli. Sijaona mwombaji kama yule. Mume wake alikuwa amekufa mapema na watoto wawili walimfuata baba yao, naye huzuni yote ile aliigeuza kuwa maombi. Magoti yake yalikuwa na sugu kama kisigino. Mimi kila mwezi nilirudi kutoka kwa Wataturu, nakaa na wanawake wale chini ya paa la nyasi la darasa, nawaeleza nilichoona. Siku moja Mama Raheli akaniambia, "Mwinjilisti, umetuchosha na 'Wataturu, Wataturu'. Mungu haiti watu kwa kabila. Tuletee majina."

Lilikuwa wazo zuri. Hata leo nikiliangalia kwa upande ule naona ni zuri, na ndiyo maana nanyi mmelipata bila kufundishwa.

Safari iliyofuata nikaketi na Bibi wakati wa kukamua. Nikamwuliza, yule anaitwa nani, na mkewe, na yule mwenye ng'ombe wa madoa. Akanitajia, akifurahi kwamba hatimaye nina adabu, kwamba nataka kuwasalimia watu kwa majina yao. Nikaandika kwenye daftari majina kumi na mawili. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la mwanawe, mtu mzima mwenye mji wake, aliyekuwa amenizoea na kuniuliza maswali mengi kuhusu mnyororo wa baiskeli.

Lakini wanawake wa maombi wengi hawakujua kusoma. Mama Raheli akasokota kamba ya katani, urefu wa mkono, na nilipokuwa nasoma jina yeye anafunga fundo. Jina, fundo. Kila mama akapewa fundo lake, na kamba ikawa inazunguka mikononi mwao wakati wa kuomba, kila mmoja akishika la kwake na kulitaja jina kwa sauti. Wakakubaliana kwamba siku mtu atakapookoka, fundo lake litafunguliwa, na kamba ikinyooka yote kazi itakuwa imekwisha.

Mimi ni Msukuma. Nimezaliwa humu humu. Mama yangu alikuwa akizika kucha zetu, na jirani akitaja jina la mtoto huku anafunga kitu, mama angemtoa mbio na mwiko. Nilijua fundo ni nini. Lakini tulikuwa tumefundishwa kwamba hayo ni mambo ya kale, nasi tukaona kwa kuwa sisi tumeyaacha, basi hayapo tena duniani. Wanawake kumi na wawili wamekaa duara, wamefumba macho, wanashika mafundo na kutaja majina ya watu wasiokuwepo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mpita njia angesema anaona nini.

Tuliomba hivyo zaidi ya mwaka. Kisha mimi, kwa wema wangu mwenyewe, bila kutumwa na mtu, nikaomba kamba ile kwa siku chache niende nayo. Nilitaka Wataturu waone wanavyopendwa.

Nilimwonyesha mwanawe Bibi, tukiwa wawili kando ya zizi. Alijua Kisukuma cha mnadani, kinatosha. Nikamwambia, "Huko kwetu kuna akina mama wanaokutaja kwa jina kila siku." Nikatoa kamba, nikamwonyesha fundo la pili. "Huyu ni wewe."

Hakuishika. Akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana," nikasema, nikitabasamu.

Yeye hakutabasamu. Masika ya mwaka jana mke wake alikuwa amezaa mtoto mfu. Mwaka huu tena, mimba ya pili, ilikuwa imetoka mwezi uliopita. Nilijua hayo yote. Nilikuwa nimeyaripoti misioni kama mambo ya kuombewa. Mpaka alipouliza "Tangu lini?" sikuwa nimeyaweka pamoja.

"Na huyu?" akauliza, akionyesha la tatu.

Nikamwambia. Lilikuwa la mkewe.

Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nani alikupa jina la mke wangu?"

Hapo ningeweza kudanganya, na ningedanganya kwa faida. Nikasema kweli. Nikasema ni mama yako. Vijana, nimesema uongo mara moja tu kazini, na nitaufikia, lakini hii kweli niliyoisema kando ya zizi ndiyo iliyouzaa.

Wazee wao walikaa siku mbili. Mimi waliniacha niende. Mgeni hana kwao pale pa kufukuzwa. Bibi waliona ameuza majina ya watu wake kwa wageni, hata la mkwe wake, na kwamba akibaki ataendelea; wakamfukuza. Mwanawe hakusema neno la kumtetea. Sidhani alimchukia, nadhani alikuwa anamtazama mkewe. Nilipofika misioni nikiwa nasukuma baiskeli yenye majani kwenye matairi, Bibi alikuwa nyuma yangu anatembea. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Njia nzima alinena mara moja, tulipopumzika kwenye kisima kimoja: "Nilidhani unataka kuwasalimia."

Nilirudi kwa wale wazee baada ya mwezi mmoja, kuomba radhi. Walinipokea. Mkubwa wao alikuwa mtu wa haki, namkumbuka kwa heshima. Akasema kupitia mwingine aliyejua Kisukuma: "Hatuna ugomvi na Mungu wenu. Wale waliofunga na waje hapa, wafungue mbele yetu, fundo moja moja, tukiona. Kisha mama arudi nyumbani kwake." Basi, hiyo tu. Hawakutaka ng'ombe wala kiapo.

Nikaenda mbio kwa mchungaji wetu Mzungu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Alisema kanisa haliwezi kwenda kushiriki ibada ya waganga, na kwamba tukifungua mafundo mbele ya wazee wale tutakuwa tumekiri kwamba maombi ni uchawi. Nikaenda kwa Mama Raheli. Nilidhani yeye, mama aliyezika watoto, ataelewa.

"Fundo linafunguliwa mtu akiokoka," akasema.

"Mama Raheli, bibi yule analia."

"Na mimi nalia, baba. Unataka niende kuwaambia nimeacha kuwaombea? Nikifungua leo bila wao kuokoka, nimewaachia shetani mmoja mmoja, kwa mkono wangu huu."

Hakuwa anajifanya. Alikuwa anaogopa kwa ajili yao kama vile wao walivyokuwa wanaogopa kwa ajili yao wenyewe, na kamba ilikuwa ile ile moja. Akaifungia sandukuni. Nilimwomba mara ile moja, sikumwomba tena. Ningeweza kuiba ufunguo, niende mwenyewe na wanawake wawili watatu wenye huruma. Nilikuwa mtiifu. Jihadharini na utii unaokuepusha na safari ndefu.

Kwa hiyo Bibi akabaki kwetu, kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Mama Raheli, na lazima niseme kwamba Mama Raheli alimtunza. Alimchotea maji, alimpikia. Bibi hakuuweza ugali. Aliupindua kinywani kama mtu anayetafuta mfupa. Alitaka maziwa. Akapewa kazi ya kuchunga ndama wa misioni, na ndama walimpenda. Akina mama wakamshonea gauni. Ile ngozi aliyopewa siku ya kuolewa kwake akaikunja akaiweka chini ya kichwa, analalia.

Kila niliporudi safari aliniuliza, "Umewaambia nini?" Nami nilimwambia nimewaambia wavumilie. Siku moja akanieleza kinachomsumbua, wala hakukuwa na siri ndani yake. Alisema haogopi kufa. Anaogopa kufia mahali ambapo hakuna anayejua namna ya kumlilia. "Ninyi mnaimba," akasema. "Nimewaona mkizika. Mnaimba, mnakula, mnaondoka. Mimi nataka wanangu wanililie kwa maneno yetu, ndipo nitajua nimekwenda."

"Utarudi, mayu," nikamwambia.

"Wewe ndiye unayesema."

Alianza kukaa kwenye darasa la ubatizo. Msinielewe vibaya, sisemi hakuamini. Nani anajua kilichokuwa moyoni mwake? Alipenda habari ya mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa, akaniuliza mara tatu kama alimpata kweli yule mmoja. Lakini najua pia kwamba darasani ndipo palipokuwa na watu. Wakati wa ubatizo ulipokaribia akachaguliwa jina, Rebeka, na Mama Raheli akataka tuanze kumwita hivyo mapema ili alizoee. Mara nyingi tulimwita hakugeuka.

Misioni nzima ilikuwa imeinuka. Mtaturu wa kwanza! Wazee wa makanisa ya jirani walialikwa, wengine kutoka mbali hadi upande wa Isaka. Wanawake walifunga siku nane. Mchungaji alinipa kazi ya kuandaa barua kwa marafiki wa misioni walioko ng'ambo, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilikwisha andika mstari wa kwanza: Maombi yamejibiwa.

Alhamisi kabla ya Jumapili ile, saa za alasiri, nilikuwa nje ya nyumba ya Mama Raheli natengeneza mnyororo. Mtu akaja kwa miguu, fimbo begani, vumbi hadi magotini. Alikuwa mwanawe Bibi.

Alinisalimia vizuri, bila kinyongo. Akaniambia mkewe amezaa mtoto, yu hai, ananyonya, miezi mitatu sasa. Wazee wamekaa tena na kusema maneno yamepoa. Hata mafundo hawakuyataja. Amekuja kumchukua mama yake, amwone mjukuu. Akataja jina la mama yake, polepole, kwa taabu, maana kwetu na kwao mtoto kumtaja mzazi kwa jina si jambo jepesi. Alilitaja ili nisikosee ni nani anayemtaka.

Bibi alikuwa bondeni na ndama. Ningepiga kelele angesikia.

Mama Raheli alikuwa mlangoni. Sitaki mmtwike mzigo wangu. Alinitazama tu. Nikawaona akilini wale wazee wa makanisa njiani wanakuja. Nikaiona barua. Nikahesabu miaka yote ya baiskeli na udongo ule, majina kumi na mawili, hata fundo moja halijafunguliwa. Nikamwambia mwanawe, "Mtu wa jina hilo hayupo hapa."

Nilijiambia si uongo. Jina lake ni Rebeka, ya kale yamepita. Ulimi hauna mfupa, na wa mwinjilisti umepakwa mafuta.

Akaniuliza, "Amekufa?"

Nilitazama mnyororo. Akaamini kwamba mtu akitazama chini hivyo basi anaona uchungu kulitamka. Akakaa mavumbini pale pale, akajifunika shuka usoni. Kisha akainuka, akanishukuru, ndiyo, alinishukuru kwa kumhifadhi mama yake, akaenda zake kabla ndama hawajarudi.

Jumapili Bibi alibatizwa. Mama Raheli alitoa kamba mbele ya kanisa zima akafungua fundo la kwanza, vigelegele vikapigwa hadi ndege wakaruka kutoka kwenye paa. Bibi alisimama kwenye gauni jeupe, akitazama mlangoni. Nilimaliza barua ile wiki iliyofuata. Nasikia watu wengi huko ng'ambo walilia kwa furaha.

Nilikaa miezi nikiwa siwezi kula. Masika yalipokwisha nikaenda kwa Wataturu niseme ukweli. Nilimkuta yule mzee mkubwa. Kabla sijafungua kinywa akanipa pole. Akaniambia walimlilia Bibi siku nyingi, ng'ombe walichinjwa, watu walikuja kutoka maboma ya mbali, na kwamba aliyekwisha kuliliwa amekwenda. Jina lake amepewa mtoto. Mwanawe alikuwa amehamia kusini na mifugo yake. Nikanywa maziwa niliyopewa, nikarudi. Sikusema. Niliona kwamba nikisema nitawaletea mzuka, na labda kuona hivyo kulikuwa woga tu uliovaa koti la hekima.

Bibi aliishi miaka mitatu zaidi. Hakuacha kuuliza, ila aliuliza kwa nafasi kubwa zaidi, kama mtu anayeacha tumbaku. Mimi bado nilikwenda na kurudi, na kila mara nilimjibu kwamba majani ni mazuri mwaka huu, ng'ombe ni wanene. Kamba iliendelea kuzunguka, mafundo kumi na moja, na hadi naacha kazi hakuna jingine lililofunguliwa.

Alipougua kifua tulijua haponi. Mama Raheli alikesha naye, akimpa maji kwa kijiko. Nilipoingia asubuhi moja Bibi aliniita nisogee. Alikuwa ameivuta ile ngozi yake kutoka chini ya kichwa, ameiweka kifuani. Akaniambia kwa Kisukuma, akipumua kati ya neno na neno, "Mtu wa baiskeli. Hawatajua kwamba nimekufa. Hakuna atakayenililia."

Nilimpenda, vijana. Nilikuwa nimempenda kuliko mama yangu mzazi, na nilitaka apate kitu kimoja cha kushika. Kabla sijafikiri nikasema, "Walishakulilia, mayu. Walikulilia siku nyingi. Walichinja ng'ombe, watu wakaja kutoka mbali. Kuna mtoto ana jina lako."

Uso wake ukang'aa. Ulidumu hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha akauliza, "Lini?"

Nikamwambia. Nilimwambia Alhamisi ile, alasiri, mwanawe na vumbi lake magotini, na alichouliza, na nilichojibu. Mama Raheli nilimwacha nje ya habari; alikuwa amesimama pale pale na kijiko mkononi, hakujitaja wala sikumtaja.

Bibi aligeuza uso ukutani. Aliishi siku tatu baada ya hapo, na kiu ilikuwa kali. Alipokea maji kwa Mama Raheli, kwa muuguzi, kwa watoto wa darasa waliotumwa kumwona. Kila niliposogeza kijiko mimi, alifunga mdomo.